Bwana Iko

Jumanne, 24 Februari

Tumefika Kwitika saa nne asubuhi juu ya lori la mchanga, mimi na fundi Atumani. Ni kijiji cha zamani kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kusini ya Bujumbura. Patro wetu Shakuru, tajiri aliyetuajiri, mtu wa mtaa wa Buyenzi mjini, amepewa kazi ya kutengeneza nyumba kuukuu iliyo karibu na maji. Wageni huja kuitazama, na kuta zake zinaachana. Tutakaa hapa mpaka mvua ziishe.

Kaye hii, daftari la kurasa chache, nimeinunua leo kwenye duka la njiani. Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma mpaka la sita huko Walungu, ng'ambo ya mpaka, kisha baba akasema imetosha, kuna shamba. Ila kuna jambo siwezi kumwambia mtu yeyote. Labda karatasi itanivumilia.

Jina langu Cirimwami. Kazi yangu ni muyede, yaani msaidizi wa fundi: nabeba maji, nakoroga udongo, nampa anachotaka. Nina miaka thelathini na tisa na mgongo wa mzee.

Jumatano, 25 Februari

Mvua tangu asubuhi. Tumebandua plasta ya zamani ukuta wa mashariki.

Alhamisi, 26 Februari

Nyumba hii ilijengwa na Bibi Houda, mwanamke aliyekuja na watu wa misafara kutoka Manyema, zamani sana. Mume wake alizama ziwani naye anatazama. Wanasema alikaa kwenye ngazi ya mawe akamwita siku arobaini, na siku ya arobaini na moja mume akaitika. Watu wengine waliofiwa wakasikia habari, wakaja na mitumbwi, wakajenga. Ndipo pakaitwa Kwitika.

Anayelinda nyumba sasa ni Bibi Mwanne, kitukuu wa Houda. Ana meno manne na redio moja. Alitutembeza kama anavyowatembeza wageni wa Jumapili, mkono mmoja nyuma.

"Hapa mwenye shida anakaa," akasema, akigonga baraza la nje. "Na hili ndilo sikio."

Sikio ni shingo ya mtungi iliyojengewa ndani ya ukuta, kimo cha uso wa mtu aliyeketi. Ukisema nje, aliye kwenye chumba kidogo cha ndani anakusikia kama umemwekea mdomo shingoni. Siku za Alhamisi Mwanne hukaa humo ndani. Mwenye shida anaita jina la marehemu wake, anauliza, "Uko?" Halafu Mwanne anasikiliza, anamwambia kilichomjia.

"Na kama hakuna kinachokuja?" Atumani akauliza. Yeye ni mtu wa kuswali, hayapendi mambo haya.

"Nasema hakuna. Unazani mi ni redio, ukifungua tu niseme?"

"Bibi, hii ni shirki."

"Na we umekuja kuipiga plasta. Tutaulizwa pamoja."

Nikacheka. Ni mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Sikio lilikuwa limezibwa kwa kitambaa cheupe. Nilidhani ni kwa ajili ya nyuki.

Kutoka mlangoni hadi majini kuna ngazi ya vidato saba. Leo ziwa liko chini ya kidato cha mwisho.

Jumamosi, 28 Februari

Acha niandike, maana nimelizunguka jambo hili siku nne.

Kabla ya kuja hapa tulikuwa kwenye shantiye ya Gihosha, tukijenga nyumba mpya. Tulikuwa watu watatu: Atumani fundi, mimi muyede, na Landry mchimbaji. Landry alikuwa Mkongomani kama mimi, wa upande wa Fizi, na alikaa Buterere na mke na mtoto. Tulifanya kazi pamoja miezi mitatu. Alikuwa mtu wa kuigiza watu. Aliweza kumwigiza Shakuru akipiga simu hata ukageuka kumtafuta patro. Mimi aliniita Bwana Iko. Nikiulizwa kitu, kabla sijatazama, mdomo unajibu, "Iko." Maji iko? Iko. Misumari iko? Iko. Halafu unakuta hakuna hata mmoja. "Bwana Iko," Landry alisema, "siku yako ya kufa, malaika atauliza kama roho iko, utasema iko, na umeisahau nyumbani."

Landry alichimba shimo la choo lenye kina cha watu wawili na nusu. Udongo wa kule mlimani ni mwekundu, ukipata mvua unateleza kama sabuni. Kwa hiyo tuliweka mbao pande zote, na miti sita ya mikaratusi kuzishikilia. Landry hakushuka hata mara moja bila kuuliza kutoka kwenye ngazi, "Miti iko?"

Tarehe sita Februari Atumani aliniambia nitafute miti ya kushikilia linta ya dirisha. Miti ilikuwa bohari, chini kabisa ya mlima. Landry alikuwa anakunywa chai. Nikaona uvivu kushuka. Nikatoa mitatu kwenye shimo, nikasema moyoni nitairudisha kabla hajamaliza chai.

Mvua ikanyesha kidogo, ikaacha. Nilikuwa nakoroga simenti nimewapa mgongo wote. Nikasikia, "Bwana Iko, miti iko?"

Nikasema, "Iko."

Sikugeuka. Nilisikia udongo ukishuka, sauti kama mtu anayeangusha gunia. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono. Hakuwa hai.

Shakuru alipofika aliuliza nani alikuwa pale juu. Atumani alitazama dirisha, pale miti yangu mitatu ilipokuwa imesimama. Hakusema kitu. Na mimi sikusema. Shakuru akasema, "Basi alishuka mwenyewe, hakuna aliyemuona. Tumeelewana?" Mtu mwingine wa jirani akasema labda alikuwa amekunywa. Neno hilo lilifika Buterere kabla ya maiti.

Siku ya kuzika nilisema nina homa.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Ziwa limefunika kidato cha saba.

Jumapili, 8 Machi

Wageni kutoka mjini, magari mawili. Walipiga picha mbele ya mlango wa kuchongwa. Kijana mmoja aliweka mdomo kwenye kitambaa cha sikio, akapaza sauti, "Babu, ulificha wapi hati za kiwanja?" Wenzake wakafa kwa kicheko. Mwanne naye alicheka. Walipoondoka akasema, "Huyu atarudi Alhamisi moja, peke yake, na hatacheka."

Nilifikiri: bibi mjanja, anajua biashara yake. Sikumwamini hata kidogo.

Jumanne, 10 Machi

Leo nimefanya jambo baya zaidi kuliko lile la Gihosha. Lile lilikuwa uvivu. Hili nililifanya nikijua.

Alasiri Atumani na Mwanne walikwenda msikitini. Mimi nilibaki kwenye chumba kidogo nikipiga plasta kuzunguka sikio. Nilikuwa nimetoa kile kitambaa ili kisichafuke, nimekiweka dirishani. Mara sauti ya mwanamke ikaingia ukutani, karibu kabisa na shavu langu.

"Hodi. Ni hapa wanaitaga wafu?"

Mwiko mkononi.

"Mi natoka Buterere. Naitwa Fabiola. Natafuta bwana yangu, Landry. Alikufaga Gihosha, kwa shimo."

Ningeweza kutoka nje. Mlango ulikuwa hatua tatu. Ningesema, mama, mwenye nyumba hayupo. Miguu haikunyanyuka.

"Landry," akasema. "Uko?"

Nikasema, "Niko."

Sijui nilisemaje. Nadhani nilitaka tu kumpa kitu, kwa sababu nauli ya Buterere hadi hapa si ndogo na sauti yake ilikuwa imechoka. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya kwa muda wa neno moja.

Akauliza, "Ni we kweli?"

"Ni mi."

"Sauti yako imekuwa ndogo."

"Njia ni mrefu."

"Landry, watu wanasema ulikunywa. Kule kanisani wamefuta jina yako kwa kwaya. Miaka tatu hukugusa hata bia moja, na sasa wanasema ulivunja kiapo. Ulikunywa?"

"Apana! Sikukunywa," nikasema, na nikafurahi. Nikajiona natenda wema.

"Basi uliuliza? Ulinihakikishia hutashuka hata siku moja bila kuuliza miti. Uliuliza nani? Nani alikujibu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukata ulimi.

"Sikuuliza," nikasema. "Nilikuwa peke yangu. Hakukuwa mutu juu."

"Hakuna mutu."

"Hakuna."

Mvua ilianza kugonga mabati. Nilimsikia akivuta pumzi puani. Kisha akasema polepole, kama anamsemesha mtoto, "Amandine anakusalimia. Kule uliko, chakula iko?"

"Iko."

"Na maji?"

"Iko."

Akacheka. Kicheko kifupi, kama mtu aliyejikwaa. Halafu nikasikia kandambili zake zikienda kwenye tope.

Mwanne aliporudi aliona nyayo barazani. "Nani alipita?"

"Hakuna mutu," nikasema. Kwa siku moja, mara mbili.

Jumatano, 11 Machi

Nimemtumia marehemu kama mtu anavyotumia gunia kujifunika mvua. Nimechukua mdomo wake nikajisafisha nao. Mke wake sasa anaamini kwamba Landry alimvunjia ahadi. Kabla ya jana alikuwa na shaka tu. Mimi nimempa hakika.

Na kile kicheko sikielewi.

Jumamosi, 14 Machi

Shakuru alikuja kukagua. Ni mtu mpole, hanywi, huwasaidia mayatima wa Buyenzi, nami siku zote nilijivunia kufanya kazi kwake. Aliniita kando. "Yule mujane wa Gihosha anazunguka, anauliza uliza. Akikupata, unajua la kusema?"

"Alishuka mwenyewe."

"Vizuri. Mi nilitoa sanda na gari. Patro mwingine angefanya hivyo?"

Nilimtazama viatu. Viatu safi sana, kwenye shantiye.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Kidato cha sita kimekwenda. Atumani na mimi tunafanya kazi siku nzima bila kutazamana.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Mwanne alitupikia pilau, akaniletea sahani iliyojaa kupita ya Atumani. "Kula, Mukongomani. Umekonda mwezi huu kana kwamba we ndiye ulifunga."

Kisha aliingia chumba kidogo, akatoa kile kitambaa cheupe kwenye sikio, akakikung'uta nje kama mtu anayefungua duka.

"Kumbe si ya nyuki?" nikauliza.

"Nyuki gani? Ni Ramadhani. Mwezi mutukufu nyumba haisikilizi. Tangu Bibi Houda. Hata mutoto wa hapa anajua, na Buyenzi yote inajua."

Nikaweka sahani ya pilau chini. Nikauliza kama mtu asiyejali, "Na siku zingine, Bibi, marehemu akija, unasema je? Unasema niko?"

Akaacha kukung'uta. "Niko? Astaghafirullah. Niko ni neno ya mwenyewe. Mi nasema, nimesikia hivi. Ao nasema, hakuna kitu. Miaka makumi ine na moja nakaa mule ndani, na bibi yangu mbele yangu, hakuna aliyesema niko. Ukisema niko umekalia kiti cha mutu, na yeye amesimama anakutazama."

Nilikuwa nikimwona mjanja. Mwanamke huyu ana sheria moja na hajaivunja miaka arobaini na moja. Mimi niliivunja mara ya kwanza nilipoulizwa.

Alhamisi, 26 Machi

Watu saba barazani. Fabiola alikuwa mmoja wao. Sikumwona uso, nilikuwa juu ya paa nikipanga mabati, nilisikia tu. Alimwambia Mwanne kwamba alipata jibu tarehe kumi.

"Tarehe kumi mwezi gani?"

"Huu."

"Mwanangu, mwezi huu kumi ilikuwa Ramadhani. Sikio lilikuwa na nguo."

"Mi ni mukristo, Bibi, sikujua. Lakini lilinijibu. Lilisema niko."

Mwanne akainua uso akatazama paa. Kule juu nilishika bati kama linataka kuruka.

Fabiola akaondoka bila kusikilizwa. Jioni Mwanne alikuja na chai, akakaa karibu nami juu ya tofali.

"Ulimujua bwana yake?"

Nikasema ndiyo. Nikasema na mengine yote, kwa mara ya kwanza kwa mdomo. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyosikiliza redio betri ikiisha.

"Atarudi Alhamisi," akasema. "Nimemwambia arudi. Utakuwa ndani."

"Bibi, siwezi."

"Uliweza wakati hakuna aliyekutuma."

Jumatatu, 30 Machi

Kidato cha tano na cha nne, siku mbili tu. Samaki wadogo wanazunguka pale tulipokuwa tukinawa miguu.

Jumatano, 1 Aprili

Nilifunga mfuko wangu nikimbie. Nikafika barabarani. Gari likasimama, kondakta akauliza, "Mujini? Nafasi iko." Nikarudi.

Alhamisi, 2 Aprili

Alikuja saa nane, mvua ikiwa nyembamba. Niliketi kwenye kigoda cha Mwanne, mbele ya sikio. Nilisikia Mwanne akimkaribisha, na yeye akisema, "Bibi, usikasirike. Leo sikutaki we. Nataka yule wa siku ile."

"Yuko ndani," Mwanne akasema, akaondoka. Fimbo yake niliisikia mpaka ngazini.

Halafu sauti shavuni mwangu:

"Bwana Iko."

Nikashtuka, kigoda kikagonga ukuta.

"Usishangae. Kwetu ulikuwa mutu wa nyumba. Landry akirudi kazi anakaa juu ya ndoo, ananawa, mi namuuliza, sabuni iko? Anajibu na sauti yako, ile ya pua: iko. Iko wapi? Iko! Amandine anacheka mpaka anaanguka. Kila siku. Hatujawahi kukuona, lakini sauti yako tulikula nayo. Siku ile uliposema niko, nikasema labda. Uliposema hakuna mutu juu, nikasema apana, Landry hawezi. Ndipo nikakuuliza chakula."

"Mama..."

"Ngoja. Ulisema iko, mara mbili. Nilitembea mpaka barabarani nikicheka kama mwenda wazimu. Nilienda kumutafuta bwana yangu na nikapata mchezo wake." Akakohoa. "Sasa mi nakuuliza vile alikuuliza. Unisikie vizuri. Miti iko?"

Niliweka mdomo kwenye mtungi. Plasta yangu mwenyewe bado ilinuka chokaa mbichi.

"Apana," nikasema. "Haikuwako. Mitatu niliitoa mi, ya kuweka kwa dirisha. Aliniuliza. Nikasema iko, sikugeuka. Hakukunywa. Alikunywa chai."

Nje nikamsikia akivua kandambili. Nikadhani anaondoka.

"Toka," akasema. "Sema tena. Huu ukuta siwezi kuubeba mpaka Buterere."

Nikatoka. Ni mwanamke mfupi, mdogo kuliko nilivyofikiri, kandambili mkononi, kitenge kimelowa hadi magotini. Nilisema tena, yote, nikitazama vidole vyake vya miguu. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Nilizani ni mutu munene," akasema.

Kisha akalia, lakini si karibu nami. Alikwenda mwisho wa baraza, akanipa mgongo. Nilisimama pale kama mti. Aliporudi uso ulikuwa mkavu.

"Jumapili ni Pasaka. Landry aliapa siku ya Pasaka, mbele ya watu. Utakuja kanisani useme mbele ya wale wale. Kesho yake unaweza kwenda kwa polisi, kwa patro, kwenu, popote. Mi nataka jina yake irudi kwa kwaya."

"Nitakuja."

"Usiniambie utakuja. We kila kitu kwako iko. Njoo."

Jumapili, 5 Aprili

Nimekwenda.

Buterere yote ni maji. Mashamba ya mpunga yameingia mitaani, watu wanapita juu ya matofali. Kanisa ni hema la shiti, turubai la plastiki, lililofungwa kwa kamba, na benchi zimesimamishwa kwenye tope. Mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi lakini nikaikunja, nikaiweka mfukoni.

Nilisema jina langu. Nilisema tarehe. Nilisema, Landry hakunywa, aliuliza, na aliyemjibu ni mimi. Nilisema pia kwamba nilikaa nyuma ya ukuta nikajifanya yeye. Hapo ndipo watu waliponong'ona zaidi. Mzee mmoja wa mbele alisimama akatoka nje. Mwanamume wa kwaya alisema kwa sauti, "Na umekula na kulala siku zote hizi?" Nikasema ndiyo. Ni kweli, nilikula.

Hakuna aliyenipiga. Ningependa mtu anipige. Mchungaji alifungua daftari la kwaya, akachukua kalamu, akaandika jina la Landry pale lilipokuwa limefutwa, na kando yake akachora msalaba wa marehemu. Fabiola alisogea akasoma yeye mwenyewe kwa kidole, herufi moja moja, akahakikisha.

Nilipokuwa natoka, msichana wa miaka mitano hivi alinishika suruali. "Mama! Ni huyu Bwana Iko?"

Fabiola akasema, "Ni yeye."

Mtoto akaruka kwa furaha, tope likanipiga. Alikuwa na pengo la meno mbele. "Sema iko! Sema! Papa anasemaga hivi: iiiko!" Akabana pua kwa vidole. Ilikuwa mimi kabisa. Ilikuwa Landry akiwa mimi.

Alisubiri, uso umeinuliwa. Watu wote walituangalia. Neno lenyewe nimelisema maelfu ya mara bila kufikiri, na sasa mtoto analiomba kama peremende.

Sikuweza. Nilimwambia, "Papa yako anasema vizuri kuliko mi."

Akakasirika, akaniachia suruali.

Jumatatu, 6 Aprili

Shakuru alifika Kwitika kabla ya saa mbili. Habari ilimfikia Buyenzi jana ile ile. Hakupiga kelele. "Nilikufunika," akasema, "na we umenivua nguo mbele ya muji yote." Nikasema hukunifunika mimi, patro, ulifunika shimo. Sijui neno lile lilitoka wapi. Amenifukuza. Anasema tutaonana mbele ya sheria, nami nimemwambia jina langu lote, na mahali nitakapokuwa.

Kisha Atumani, aliyekuwa juu ya ngazi, akashuka. Akasema, "Patro, na mi niliiona ile miti kwa dirisha. Niandike na mi." Tulitazamana, mara ya kwanza tangu Gihosha. Hakunipa mkono.

Alhamisi, 9 Aprili

Kuaga. Kimebaki kidato kimoja. Wenye nyumba, walio mjini, wameandika kwamba tuta la mawe litajengwa mbele ya nyumba. Mwanne anasema ziwa halijasoma barua yao.

Nilimwomba akae kwenye sikio anisikilizie Landry. Nilitaka kumwomba radhi. Alikataa.

"Kwa nini, Bibi?"

"Mi nitasikia nini? Nitasema amekusamehe, utafurahi. Nitasema apana, utalia, kesho utafurahi kwamba ulilia. Enda utafute kazi."

Akanipa mikate minne ya kukaanga kwenye gazeti.

Jumanne, 12 Mei

Kaye imebakiza ukurasa mmoja.

Nimeitwa polisi mara mbili kuandikisha maneno yangu, nitaitwa tena. Wakati nangoja, nimepata kibarua Gasenyi kwa patro mwingine. Nilimweleza kabla ya kuanza. Alifikiri, akasema watu wa kazi ni wachache. Mvua zinakwisha, asubuhi kuna vumbi kidogo. Jumapili moja nilipita nyuma ya lile hema la Buterere, nikasikia kwaya, sikuingia.

Leo tumeanza shimo la choo. Anayechimba ni Herménégilde, mtu wa Ngozi, mwenye haraka na matusi mengi. Saa tatu, baada ya chai, alikanyaga ngazi akaita, "We huko juu! Miti iko?"

Mdomo wangu ulifunguka. Niliuhisi ukifunguka wenyewe. Nikaufunga.

Nikaweka beleshi chini. Nikalala kifudifudi ukingoni, kidevu kwenye udongo, nikaanza kutazama mmoja mmoja, kuanzia wa chini.

"Ee bwana! Umelala? Nauliza, miti iko?"

"Ngoja," nikasema. "Naangalia."